Marimbula Kwenye Koo la Chui Chongo

Dionisia Cásseres, ambaye kijiji kizima cha Palenque, kilichoanzishwa na watumwa wa Kiafrika waliotoroka, kilimwita Nisia, alikuwa na sauti ya kuuzia ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuisahau. Alipita mitaa ya Cartagena, mji wa pwani ya Kolombia, na beseni la alumini kichwani, shingo imenyooka, kiuno kikicheza peke yake, akiita, "Furaha! Furaha za mtama na nazi! Nani hana furaha leo nimpe?" Furaha ndilo jina la kitamu chenyewe: mtama wa kukaanga uliobumbwa kwa sukari guru, nazi na mbegu za anisi, duara kama ngumi ya mtoto. Watu walicheka, kisha wakanunua.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushei, mcheshi, mwepesi wa kujibu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanya kamwe akiwa mjini: hakuongea lugha ya kwao. Wenye maduka waliiita Kihispania kilichopondeka. Wanafunzi walimfuata nyuma wakiiga matamshi yake huku wamebana pua. Basi lugha ile aliiacha Palenque kila Jumatatu, kama mtu anavyoacha kandambili za uani mlangoni, na kuivaa tena siku ya kurudi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano alikuwa anakatiza uchochoro wa nyuma ya soko la Bazurto, akikwepa madimbwi ya maji ya samaki, aliposikia muziki unatoka kwenye ua wa Eliécer Torrenegra. Hilo halikuwa jambo geni. Torrenegra alikuwa na pikó, yaani kabati la spika lililo refu kupita mlango wa kanisa na pana kama tela la lori, na kila asubuhi aliijaribu kabla ya kuipeleka kwenye dansi za mwisho wa juma. Majirani walishazoea vikombe vyao kutembea vyenyewe mezani.

Kwanza ziliingia ngoma. Zikafuata gitaa mbili zikikimbizana. Halafu, chini ya gitaa, kikaanza kitu kingine: chuma juu ya ubao, kinabonyezwa na kuachiliwa, kinalia na kukwaruza papo hapo, kila sauti ikiwa na nyuki wake ndani.

Nisia alisimama katikati ya uchochoro. Mkokoteni wa ndizi nyuma yake nao ikabidi usimame.

"Mama, songa basi!"

Hakusikia. Malaika ya mikono yake yalikuwa yamesimama wima, jua lote lile. "Baba," alisema, na alilisema kwa lugha ya nyumbani.

Maana sauti ile ilikuwa ya baba yake. Graciliano Cásseres alikuwa mpiga marimbula, kama baba yake na babu yake. Marimbula ni sanduku la ubao lenye tundu mbele, na juu ya tundu vipande vya chuma vilivyokatwa kutoka kwenye misumeno iliyokufa. Mpigaji hulikalia sanduku lenyewe, anashusha mikono kati ya magoti, na kuvikwanyua vile vyuma kwa vidole. Ndiyo besi ya kundi. Graciliano na wenzake walipiga kwenye sherehe zote za Palenque na kwenye vilio vyote, wakiwazika watu vizuri kama walivyowaozesha. Mpaka mwaka mmoja wa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, pale vijana walipokodi pikó kutoka mjini, na mmoja wao akaiwasha wazee wakiwa katikati ya wimbo. "Wazee pumzikeni!" watu wakapiga kelele, na wengine wakacheka. Graciliano aliinuka, akalibeba sanduku lake begani, akaenda nalo nyumbani na kuliweka jikoni. Tangu hapo kuku walilala juu yake. Ukimtajia pikó alikuwa akisema, "Makabati yale yana midomo, hayana mikono," na kugeukia mambo mengine.

Nisia aliusukuma mlango wa mabati, akaingia.

Torrenegra alikuwa amesimama kifua wazi, mswaki mdomoni, mbele ya mashine yake. Iliitwa Chui Chongo. Mchoraji alikuwa amechora kwenye kitambaa cha spika chui mwenye rangi za kung'aa, meno nje, akivunja mti kwa makucha. Ila alimaliza jicho moja tu, wakagombana juu ya chupa ya ramu, akaondoka na brashi zake. Jina likabaki.

"Mama Furaha!" Torrenegra akasema. "Leo umeingia mwenyewe bila kuitwa."

"Hicho kilichokuwa kinalia ni nini?"

"Santuri."

"Najua ni santuri, sikuzaliwa jana. Nani anapiga?"

Torrenegra alicheka mpaka povu likamtoka. Akaiinua santuri na kumwonyesha katikati yake. Karatasi ya jina ilikuwa imekwanguliwa kwa msumari, haikubaki herufi. Ndivyo walivyofanya wenye pikó wote, ili mshindani asijue wimbo umetoka wapi.

"Hata mke wangu hajui," akasema. "Nikikwambia wewe, kesho inapigwa kwenye kila redio mbovu ya mtaa huu."

"Na wewe unajua?"

Akautoa mswaki mdomoni. "Nilipewa na baharia. Imetoka Afrika. Jina lilikuwa refu kama treni, nikalikwangua kabla sijamaliza kulisoma. Sisi tunauita Bati Bovu, kwa sababu ya hicho kinachokwaruza."

"Hicho si bati. Ni marimbula."

"Marimbula? Lile sanduku la wazee la kukalia? Dada yangu, muziki huu umevuka bahari!"

"Na sisi je? Tulikuja na basi?"

Torrenegra akairudisha santuri mahali pake. Kisha akaishusha sindano tena. Nisia akaketi juu ya kreti la bia, beseni mapajani, na ule mlio ukamwingia kupitia nyayo, ukapanda magotini, ukamkaa kifuani. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akiwa mkubwa namna ile. Aliona kama mtu aliyemjua tangu utoto amesimama ghafla, na kumbe kichwa chake kinagusa mawingu.

Tangu siku hiyo alipita kila asubuhi. Torrenegra alikuwa akiipiga santuri sehemu ya mwanzo tu, ajaribu besi, halafu anaiondoa kwa kuihurumia isilike. Nisia alimwachia furaha mbili juu ya spika. Ikawa mazoea. Na kamati ya sikukuu ilipoanza kutafuta pikó ya mwezi wa sita, yeye ndiye aliyepeleka ujumbe.

"Nitakuja," Torrenegra alisema. "Palenque wanacheza vizuri."

"Utakuja, lakini kwa sharti. Ile Bati Bovu uipige mchana, kabla ya dansi. Na uipige yote, upande mzima."

"Mchana? Nani atacheza mchana na jua lile?"

"Hakuna wa kucheza. Yupo wa kusikia."

Torrenegra akakubali.

Kazi ikabaki kwa mzee. Nisia alimkuta uani anapukuchua mahindi, akachuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana.

"Baba, sikukuu hii kuna kitu nataka usikilize."

"Kitu gani?"

"Santuri."

"Ya nani?"

"Ya Torrenegra. Chui Chongo."

Mzee aliendelea na mahindi yake. "Siku hiyo mimi niko shambani. Muhogo hauna sikukuu."

"Baba, ndani yake kuna marimbula."

"Ndani ya kabati?"

"Ndani ya santuri. Kutoka Afrika."

"Mwanangu," Graciliano alisema kwa upole uliouma kuliko hasira, "najua unanihurumia. Acha."

Na kweli, asubuhi ya sikukuu, kengele zikilia na wanawake wakipeana mikufu, mzee alichukua panga na kibuyu cha maji, akavuka kijito kwenda shambani. Nisia alimfuata na gauni lake jipya la njano. Alimsihi njiani, alimsihi kwenye mpaka wa shamba, akamsihi huku anamsaidia kung'oa magugu, gauni likichafuka kwa matope. Mzee alipalilia tu. Jua lilifika katikati ya mbingu. Nisia akakata tamaa, akakaa chini kwenye kivuli chembamba cha mihogo na kufuta jasho.

Hapo ndipo Torrenegra, aliyekuwa mtu wa ahadi, alipoishusha sindano.

Shamba lilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito na kilima kidogo. Ngoma zilifika kama moyo wa mtu mwingine. Gitaa zilikuja na kupotea kwa upepo. Lakini ule mlio wa chuma ulipita wote mzima juu ya miti, ukashuka juu ya mihogo.

Graciliano aliinuka polepole. Panga likamning'inia mkononi.

"Nani kagusa sanduku langu?" alisema.

Nisia aliruka akasimama.

"Nisia! Nani kakaa kwenye marimbula yangu?"

"Hakuna mtu, baba."

"Mimi kiziwi? Yule anapiga! Sikiliza kidole gumba kile, sikiliza..." Akahamishia panga mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kubonyeza hewa kando ya paja. "Anapiga vizuri," akasema, kama mtu aliyeonewa. Na akaanza kutembea, kisha kutembea mbio, mzee wa miaka sabini, akapita kijitoni bila kutafuta mawe ya kukanyagia, Nisia nyuma yake na gauni limeinuliwa mpaka magotini.

Alikwenda jikoni kwanza. Sanduku lilikuwa pale pale ukutani, na juu yake kuku mwekundu amelala, akamkodolea jicho la karaha. Vumbi halijaguswa. Mzee alilitazama sanduku. Kisha akageuza kichwa kuelekea uwanjani, ambako sauti ilikuwa bado inalia. Nisia alimwona akishika nguzo ya mlango.

"Basi kuna nyingine," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndicho nilichokuwa nakwambia, baba."

Uwanjani watu walikuwa wamekaa kivulini wakinywa supu, wakimshangaa Torrenegra kwa kupiga santuri wakati wa kula. Walipomwona Graciliano anakuja, miguu imelowa, panga mkononi, anamwendea Chui Chongo moja kwa moja, wapo waliosimama. Hata Torrenegra alirudi nyuma.

"Mzee, tuongee kwanza! Panga la nini?"

Mzee alilitazama panga kama kwamba ni mara ya kwanza kuliona, akampa binti yake. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha spika, kifuani pa chui, na kusimama hivyo. Kitambaa kilikuwa kinapumua. Shati lake lilikuwa linatikisika mgongoni. Hakuna aliyecheka.

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, pale ambapo Torrenegra hakuwahi kuuacha ufike asubuhi zote zile. Gitaa zilinyamaza. Ikabaki marimbula ile ngeni peke yake, na mwanamume akaanza kuita juu yake, si kuimba hasa, kuita, kama mtu aliyesimama kilimani.

"Nyamazeni," Graciliano alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. "Amesema ngombe."

Watu wakatazamana.

"Amesema ngombe! Rudisha! Wewe, rudisha!"

Torrenegra akairudisha sindano. Uwanja mzima ukainamisha sikio, watu na vijiko vyao hewani. Yule mtu wa mbali akaita tena, na safari hii kila mmoja alilisikia likitoka kwenye koo la Chui Chongo, safi kama limesemwa na jirani: ngombe. Na baada ya maneno mengine yasiyoeleweka, tena: ngombe. Kisha mwana.

Palenque, kwa lugha yao ile ya kuchekwa, ng'ombe huitwa ngombe. Mtoto ni mona. Hakuna pengine popote walipowahi kwenda ambako mtu aliwaelewa wakisema hivyo; si Cartagena, si Barranquilla, wala kwenye mashamba ya miwa. Wengi walidhani ni maneno ya kijiji tu, yaliyozuliwa na mabibi.

Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Mwingine alipiga ishara ya msalaba.

Pantaleón, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi la zamani, alijikongoja mpaka mbele. "Huyo mtu ana ng'ombe," akatangaza.

"Kapotelewa na ng'ombe," Graciliano alimsahihisha. "Mwenye ng'ombe wake zizini haiti hivyo."

"Na mona je?"

"Mona ndiye aliyetumwa kumtafuta."

"Au mona ndiye aliyempoteza, mjinga yule, alikuwa anacheza."

"Wewe Pantaleón, kila mtoto kwako ni mjinga."

"Wa kwangu wote walikuwa wajinga, nifanyeje?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa na machozi ndani. Wakataka irudiwe, ikarudiwa. Wakabishana kama ng'ombe alipatikana. Nisia alikuwa amesimama na panga la baba yake, akihisi ardhi imekuwa kubwa, kubwa mno, na wakati huohuo imekuwa ndogo kiasi cha kuitana kutoka upande huu hadi ule. Kuna mtu aliishi huko, ana sanduku na vyuma, ana ng'ombe, ana mtoto, na hakuwa na habari kwamba wao wapo. Alitamani kumjibu. Hakujua mtu hujibuje santuri.

Baba yake alijua. Alikuwa amekwenda jikoni, akamfukuza kuku, na sasa alikuwa anarudi na marimbula begani kama alivyoondoka nayo mwaka ule. Aliiweka mbele ya Chui Chongo, akaipangusa kwa shati, akaikalia. Alivigonga vyuma kimoja kimoja, akavisogeza, hiki juu kidogo, hiki chini, akisikiliza santuri huku na sanduku huku, mpaka vikapatana.

"Yake ni ndogo," alimwambia Torrenegra, kama fundi anayeongea na fundi. "Inashikwa mkononi, sikiliza ilivyo nyembamba. Yangu ndiyo mama yake."

Torrenegra hakubisha. Alifanya jambo ambalo baadaye alisema hakujua lilimjia kutoka wapi: akachukua maikrofoni yake ya kutangazia, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akaishikilia mbele ya tundu la sanduku.

Graciliano akabonyeza.

Mlio ulitoka kwenye spika zile kubwa na kupita juu ya uwanja kama kitu chenye uzito. Mabati ya paa la kanisa yalijibu. Maji kwenye ndoo yalipiga mawimbi. Mzee aliondoa mikono kwa hofu, akajitazama vidole.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mzee," Torrenegra alisema kutoka chini. "Endelea, usiniache hapa magotini."

Akaendelea. Aliingia chini ya wimbo wa yule mtu wa mbali kama mtu anavyoingiza bega chini ya mzigo wa mwenzake, na wawili wale wakaubeba pamoja. Pantaleón alishika ngoma ya kwanza aliyoiona. Vijana, wakiwemo baadhi ya wale wa mwaka ule, walisogea taratibu mpaka wakawa mduara, na hawakucheza. Walisimama tu wamekunja mikono, macho makubwa, kama watu waliokuta mto mahali walipokuwa wakipita kila siku pakavu.

Baada ya sikukuu hiyo kuku walijengewa banda. Torrenegra alizoea kuja Palenque Jumapili, na yeye na Graciliano walikaa uani wakipiga, wakibishana na kula samaki wa kukaanga na ndizi. Santuri ililika kama Torrenegra alivyohofia, mpaka ikawa inanong'ona tu, na jina la wapigaji halikupatikana kamwe, ingawa aliwauliza mabaharia wote aliowafahamu. Mzee hakujali. Wimbo ulikuwa umeshahamia vidoleni mwake.

Nisia naye alibadilika. Alinunua kigramafoni kidogo cha betri, na kwa masikio yake nyimbo za mapenzi za redioni zikapungua ladha. Alitaka zile za kutoka ng'ambo tu, na akizisikia aliwinda maneno. Mjini alianza kuwasalimu wenzake wa Palenque kwa lugha yao, kwa sauti ya juu, katikati ya duka, na mwenye duka akikunja uso yeye alimtabasamia. Na siku moja, akidhani baba yake yuko kisimani, alikaa juu ya marimbula na kujaribu. Mzee alimkuta. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Kidole gumba kilegee," akasema. "Unakibana kama unamfinya mtu."

Tangu hapo alimfundisha kila aliporudi kutoka mjini. Wapo wanawake walionung'unika kwamba mwanamke hakai hivyo, miguu imeachana, mbele za watu. Nisia aliwaambia waangalie vidole, waache miguu.

Graciliano alikufa miaka michache baadaye, kwa homa fupi. Alasiri ya siku ya tisa ya matanga, watu walipokusanyika kumsindikiza kwa nyimbo kama ilivyo desturi, Pantaleón alishika ngoma yake na kutazama huku na huku akitafuta besi. Nisia alileta sanduku uani. Alikaa, akaachanisha miguu, akashusha mikono. Mwanzoni vidole vilikuwa baridi. Kisha marimbula ikaanza kutikisika chini yake, ikapanda mgongoni, ikamjaa, mpaka hakujua tena mbao zinaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Nyuma yake walikuja wanawake, wakiwemo wale wa manung'uniko, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wao aliweka mkono begani mwake, akavuta pumzi, na kuanza kuitikia.